Nakala Arobaini na Moja

Kama kuna mtu aliyeitaka ile kinga mpya kwa udi na uvumba, ni Fundi mwenyewe. Asije mtu akasema alisukumwa. Katika mkutano wa zahanati zote, mbele ya Mratibu na wauguzi wakuu arobaini na mmoja, alisimama, akaegemea meza kwa mikono miwili, akasema kompyuta bila kinga ni nyumba bila mlango, na kwamba yeye hataki kuona tena yale ya mwaka uliopita. Mwaka huo zahanati moja ilifungua barua pepe iliyojifanya imetoka bohari ya dawa, na kabla ya saa sita mchana kila kitu kwenye kompyuta yao kilikuwa kimefungwa na mtu wasiyemjua wala kumwona. Kumbukumbu za chanjo za miaka minne zikaenda na maji. Muuguzi wa pale alilia mbele za watu. Basi Mratibu akamsikiliza Fundi, akaandika kwenye kijitabu chake, na haikupita miezi miwili kinga ikawekwa kwenye kompyuta zote, Jumapili moja, watu wakiwa majumbani kwao.

Jumatatu asubuhi, kitu cha kwanza kukamatwa na kinga hiyo kilikuwa programu ya Fundi.

Huyu Fundi ni mwanamke wa miaka arobaini na ushei, mrefu, mwenye miwani inayomteleza puani kila anapoinama. Jina lake analo, ila wauguzi walishazoea kumwita Fundi, na mama yake naye humwita hivyo anapotaka kumchokoza. Kazi yake anaifanyia nyumbani, chumba cha mbele, ambacho zamani kilikuwa cha cherehani za mama. Meza ni ile ile ya kukatia vitambaa, pana kama kitanda, yenye mikato ya mkasi pembezoni. Juu yake kuna kompyuta mbili, kikombe cha kalamu na feni ndogo. Hapo, kwa miaka sita, peke yake, ameandika programu moja tu: daftari la chanjo za watoto. Mtoto akizaliwa anaandikwa. Siku yake ya sindano ikikaribia, jina lake linapanda juu ya orodha, na muuguzi anajua nani aitwe, nani amechelewa, nani apigiwe simu. Hakuna maajabu ndani yake. Lakini muulize muuguzi aliyewahi kupekua madaftari saba kumtafuta mtoto mmoja, ndipo utajua thamani yake.

Saa mbili asubuhi simu ililia. Alikuwa muuguzi mkuu wa ile zahanati ya kwanza kabisa kutumia programu, mama wa makamo asiye na haraka, ambaye Fundi humwita dada.

"Mdogo wangu," alisema, "programu yako imekamatwa."

Fundi alidhani ni utani. Akauliza imekamatwa na polisi gani. Muuguzi akamsomea maneno yaliyokuwa kwenye kioo, moja moja, kama anayesoma cheti cha mgonjwa: tishio limegunduliwa, tishio limeondolewa, kompyuta yako iko salama. Kabla hajamaliza, simu ya pili ya Fundi ikaanza kutikisika mezani. Hadi saa nne alikuwa amepokea simu kumi na tisa, na zote zilisema jambo lile lile kwa maneno tofauti. Kumbukumbu za watoto zilikuwepo, hazijaguswa. Kilichotoweka ni programu ya kuzifungulia.

Simu ya ishirini ilikuwa ya Mratibu. Huyu si mtu wa kelele, na siku hiyo hakuanza. Alimkumbusha kwamba Alhamisi ni siku ya chanjo kwenye zahanati zote, na kwamba wauguzi hawawezi kukaa na mamia ya akina mama kwenye mabenchi bila kujua nani anadungwa nini. Akampa hadi Alhamisi saa tatu asubuhi. Ikifika saa hiyo programu haifunguki, anarudisha madaftari ya karatasi, na programu inaondolewa moja kwa moja, haitarudi. Akaongeza, kwa sauti ya upole ambayo ilimchoma Fundi kuliko tusi, kwamba hawezi kuweka kwenye kompyuta zenye kumbukumbu za watoto kitu ambacho mlinzi anakiita mwizi, hasa mlinzi aliyependekezwa na mwenye kitu.

Miaka sita, na sasa siku tatu. Fundi aliweka simu chini akiwa amekasirika kiasi kwamba masikio yalikuwa yanawaka. Kisha akajifunga kibwebwe, akachukua begi lake, akaenda zahanati ya kwanza kujionea.

Alikuta muuguzi amevuta madaftari ya zamani kutoka juu ya kabati, akiyafuta vumbi kwa kitambaa chenye maji. Kwenye kompyuta, pale palipokuwa na picha ndogo ya sindano, palikuwa wazi. Muuguzi akamsogezea kiti, akamwambia kwamba zahanati mbili zimeshapata dawa: kuna kijana wa mitambo amewafundisha kuizima kinga kwa kubonyeza mara tatu, programu inafunguka, mambo yanaendelea. Kwa nini na wao wasifanye hivyo?

"Dada, ukiizima leo kwa ajili yangu," Fundi alisema, "kesho nani ataiwasha?"

"Tutaiwasha baada ya Alhamisi."

"Hamtaiwasha. Hata mimi nisingeiwasha. Mimi siingii nyumbani kwenu kwa kumfukuza mlinzi. Nitapita mlangoni."

Muuguzi alimtazama kidogo, akarudi kwenye madaftari yake. Akasema basi apite upesi, maana vumbi hili linampigisha chafya. Fundi akazipigia zile zahanati mbili papo hapo, akazibembeleza, moja akaifokea, hadi kinga zikawashwa.

Muuguzi akataka kuelewa huyo mlinzi ana ugomvi gani na watu wema. Fundi akamweleza, nami nitaeleza kama alivyoeleza. Zamani kinga ya kompyuta ilikuwa na orodha ya wezi, ikilinganisha sura. Wezi wakajifunza kubadili sura kila saa, orodha ikawa haifai kitu. Siku hizi kimlinzi kilichomo ndani ya kompyuta hakijui mengi, ila kinajua kuuliza. Programu ikitaka kufunguka, kinachukua alama yake, namba ndefu kama alama ya kidole, ambayo hailingani na ya programu nyingine. Kinaituma kwenye kompyuta kubwa za kampuni ya kinga, mbali, kwenye kile ambacho watu hukiita wingu, ingawa kwa kweli ni majumba ya zege yenye viyoyozi. Kule kuna taarifa kutoka kompyuta nyingi mno. Swali ni moja: huyu mnamjua? Akiwa mwizi wa siku nyingi, anafungiwa. Akiwa ameshapita kwenye maelfu ya kompyuta bila kuvunja hata sahani, anaruhusiwa. Taabu anaipata yule ambaye hajawahi kuonekana na mtu. Huyo anakaguliwa kuanzia kichwani hadi miguuni, na akiwa na dalili mbili tatu mbaya, hasikilizwi.

"Na wewe una dalili mbaya?" muuguzi aliuliza.

Alikuwa nazo. Programu yake haikuwa na sahihi, yaani ule muhuri unaothibitisha mwenye programu ni nani, na kuupata huo ni safari ya wiki kadhaa za kupeleka vitambulisho. Tena, ili ipakuliwe haraka kwenye mtandao unaojikokota, alikuwa ameibana na kuikunja hata kinga haioni ndani. Alifanya hivyo kwa huruma. Wezi nao hukunja programu zao hivyo hivyo, kwa sababu zao.

Jumanne akaomba sahihi, na akaanza safari ile ya vitambulisho akijua haitamfikisha Alhamisi. Njia ya haraka ilikuwa moja: kampuni ya kinga ina fomu, mwenye programu anapeleka nakala yake, mtu anaikagua kwa macho. Fundi akaikunjua programu, akaijaza fomu kwa makini kama anaomba ajira. Inafanya nini. Inagusa mafaili gani. Nakala hii inatumiwa kwenye kompyuta ngapi. Hapo akaandika arobaini na moja, akiwa na fahari kidogo. Akatuma nakala ya zahanati ya kwanza, ile isiyo na mikunjo, na kumpelekea muuguzi nakala hiyo hiyo aiweke tayari.

Jumatano saa tatu asubuhi jibu likaja, mistari miwili. Tumekagua faili, halina madhara, tumeliruhusu.

Fundi alipiga meza kwa kiganja hadi kikombe cha kalamu kikaanguka. Akampigia muuguzi, akasikia kipanya kikibonyezwa, kisha muuguzi akasema imefunguka na majina yote yapo. Wakacheka kama wendawazimu. Fundi akazipelekea zahanati nyingine arobaini nakala zao zilizokunjuliwa, akakunja mikono kifuani, akangoja shukrani.

Ya pili ikakataa. Ya tatu ikakataa. Saa nne na nusu zilikuwa zimekataa zote arobaini, na kila moja kwa maneno yale yale: tishio limeondolewa. Fundi akarudi kwenye kompyuta, akatoa alama ya kila nakala, akazipanga kwenye kioo kutoka juu hadi chini. Namba arobaini na moja, na hapakuwa na mbili zilizofanana.

Hapo ndipo alipojiona mjinga, na nakwambia ukweli, alikuwa na haki ya kujiona hivyo. Tangu zahanati ya pili ijiunge, Fundi alikuwa na desturi moja aliyoipenda kuliko usingizi. Kila zahanati aliitengenezea nakala yake. Jina la zahanati alilichonga ndani ya programu yenyewe, pamoja na salamu kwa muuguzi mkuu wa pale, na picha ya jengo lao kama ipo. Muuguzi akifungua asubuhi anasalimiwa yeye. Watu walimpenda kwa hilo, naye alipenda kupendwa. Lakini ukibadilisha herufi moja ndani ya programu, alama yake inabadilika yote. Kwa hiyo mlinzi hakuwahi kuona programu moja iliyoko kwenye zahanati arobaini na moja. Aliona wageni arobaini na mmoja, kila mmoja amebisha hodi kwenye mlango mmoja tu, na hakuna anayemjua mwenzake. Mkaguzi alikuwa amemruhusu mmoja wao. Ile arobaini na moja aliyoiandika kwenye fomu kwa fahari haikuwa kweli. Jibu sahihi lilikuwa moja.

Na si hilo tu. Alikuwa na tabia ya kurekebisha. Kila jioni aliona kitu kidogo, akakinyoosha, akapeleka nakala mpya. Kila jioni alikuwa anawageuza wote wageni upya.

Mama yake alikuwa amekaa karibu na mlango, penye mwanga, akipinda ukingo wa pazia kwa mkono. Macho yake hayawezi cherehani tena, ila vidole havijastaafu. Alikuwa amesikia kila kitu, maana Fundi akikwama huongea peke yake, na si kwa sauti ndogo.

"Sasa toa hayo majina," mama alisema.

Fundi akajibu kwa ukali kwamba kuyatoa anajua, ni kazi ya mchana mmoja, lakini majina ndiyo programu. Bila majina ni kitu cha kiwandani. "Na nilijifunza kwako, Mama. Kila shati la shule ulilishona na jina la mtoto."

Mama aliacha sindano. "Kwenye shati wapi?"

"Kwenye kola."

"Kwenye kola kulikuwa na utepe, na jina lilikuwa kwenye utepe. Mashati yenyewe nilikata thelathini kwa mkupuo, yote sawa, ukiyachanganya hata mimi sijui lipi la nani. Utepe niliushikiza mwisho, kwa uzi mlegevu, ili mtoto akikua shati limfae mdogo wake. Wewe umevaa mashati ya dada zako hadi darasa la saba. Ulidhani nani alikuwa anabadilisha jina?"

Fundi aliona haya, haya ya mtoto mdogo, kwa sababu alikuwa amewasimulia watu wengi habari za mashati yale, kwenye mikutano hata, na muda wote alikuwa anayasimulia vibaya. Akasogeza kiti mezani. Mama akarudi kwenye pazia lake.

Kabla ya yote alimpigia Mratibu. Angeweza kumlaumu mlinzi, na Mratibu angeamini, maana hakuna asiyeamini ubaya wa mashine. Akamwambia kosa ni la kwake, akamweleza ni kosa gani, akasema siku ya mwisho ibaki ile ile. Mratibu akasema sawa, Alhamisi saa tatu.

Akafanya kazi mchana kutwa bila kuinua kichwa. Alitoa majina, akatoa salamu, akatoa picha za majengo. Akayaweka yote kwenye faili dogo la pembeni, ambalo programu inalisoma baada ya kufunguka, huo ndio utepe wake. Akaijaribu, akaijaribu tena. Saa tisa alasiri kulikuwa na programu moja duniani. Akajaza fomu upya. Nakala hii inatumiwa kwenye kompyuta ngapi? Bado hakuna, akaandika. Kesho saa tatu zitakuwa arobaini na moja, zote nakala hii hii, na alama yake ni hii. Akatuma.

Saa kumi na moja jioni, akiiangalia programu tena bila sababu, akakiona kitufe. Kile cha kuhifadhi, ambacho muuguzi hukibonyeza baada ya kila mtoto. Kuondolewa kwa jina juu kulikuwa kumevuta kila kitu, na kitufe kilikuwa kimepanda, upande mmoja juu kuliko mwingine, kimekanyaga mstari. Kilifanya kazi vizuri. Kilikuwa kibaya tu kama jino lililoota nje ya safu.

Mkono wa Fundi ulikwenda wenyewe. Ilikuwa kubadilisha tarakimu moja, kazi ya sekunde mbili. Vidole vikiwa tayari juu ya herufi, akakumbuka. Tarakimu moja, na nakala iliyoko mbele ya mkaguzi si hii tena. Kesho arobaini na moja wangeamka wageni. Miaka sita hakuwahi kulala na kasoro anayoiona. Akazima kompyuta kabisa, akaenda kukaa jikoni na kumenya viazi ambavyo hakuna aliyemwomba avimenye. Alirudi mlangoni mwa chumba kile mara tatu, na mara zote tatu aligeuka. Ukiniuliza, kazi ngumu kuliko zote aliyoifanya wiki ile ni kutokigusa kile kitufe.

Jibu lilikuja Alhamisi saa moja na nusu asubuhi. Halina madhara, tumeliruhusu. Safari hii Fundi hakupiga meza. Aliwatumia wauguzi wote faili moja, na kila mmoja na utepe wake, akaenda kwa miguu hadi zahanati ya kwanza, kwa kuwa hakuweza kukaa.

Mabenchi yalikuwa yameshajaa akina mama na watoto. Muuguzi akabonyeza picha ya sindano. Kimlinzi kikachukua alama, kikauliza huko kinakouliza. Ilichukua kama pumzi mbili. Kisha orodha ikafunguka, na juu yake, mahali pale pale, jina la zahanati na salamu kwa muuguzi mkuu. Saa tatu kasoro dakika kumi Mratibu akapiga simu: zimefunguka arobaini, iliyobaki ni hiyo ya kwenu. Fundi akamwambia na ya kwetu imefunguka.

Muuguzi alikuwa ameinama karibu na kioo. "Mdogo wangu, kitufe hiki kimepinda."

"Nakijua."

"Hukinyooshi?"

"Kimepinda hivyo hivyo kwenye zahanati zote," Fundi alisema. "Kiache."

Basi kikabaki kimepinda miezi minne. Fundi akajiwekea sheria: marekebisho yanakusanywa, nakala mpya inatoka mara moja kwa miezi mitatu au minne, na haitoki kabla ya kukaguliwa. Wauguzi aliwafundisha kitu kimoja tu, kwamba wakiona programu imebadilika bila wao kuambiwa, wasibonyeze chochote, wampigie. Sahihi ilipowasili hatimaye, akatia muhuri nakala mpya, iliyonyooka kila mahali, akaipeleka ikakaguliwa, kisha akaituma usiku mtandao ukiwa na nafasi ili ijiweke yenyewe kwenye kompyuta zote, akipanga kuwaandikia asubuhi. Akapitiwa na usingizi.

Saa mbili asubuhi simu ikalia. "Mdogo wangu," alisema muuguzi, kwa sauti ya chini kama kuna mtu anamsikiliza, "kitufe kimenyooka. Sijagusa kitu. Ni wewe, au tumeingiliwa?"

Fundi alikaa kitandani, miwani bado iko mezani, akasema ni yeye, waendelee tu, na wamefanya vizuri kuuliza. Kabla ya saa nne alipigiwa simu nyingine kumi na sita za namna hiyo, na zote alizipokea akiwa anatabasamu.